Kichupa Kilichobaki Chilumbi

Kaa. Si hapo, subiri, ligeuze kwanza hilo jiwe uangalie chini yake. Haya, sasa kaa. Miguu vuta ndani. Simu weka mfukoni, maana hii stori ukikosa kipande cha katikati huikamati tena.

Hapo zamani. Si zamani ile ya fisi kuoa na sungura kuwa shahidi, hapana. Zamani ya majuzi tu, watu wana simu ila chaji ya kuhangaikia. Kulikuwa na sehemu inaitwa Chilumbi, huko Dodoma ndani kabisa, kukavu, mawe mengi kuliko watu. Kazi ya kule ilikuwa kugonga kokoto. Wanaume wanapasua mwamba, wanawake wanakaa chini na nyundo, kila mmoja na chungu yake ya kokoto mbele, ko, ko, ko, toka asubuhi mpaka jua linakufa. Malori yanakuja yanazoa, kokoto zinakwenda kuwa maghorofa mjini, wao wanabaki na vumbi kwenye kope.

Na nge.

Sikiliza, nge mbaya si yule mkubwa mweusi mwenye mikono kama koleo. Yule mikwara tu, anakuchoma, unapiga kelele, unasahau. Mbaya ni mdogo, rangi ya mchanga, mikono myembamba, mkia mnene. Anakaa chini ya jiwe, na wewe kazi yako ni kuinua mawe. Sasa mtaacha kukutana vipi? Mtu mzima akichomwa na yule anatoka jasho, anatetemeka, analala anautukana ukoo mzima wa nge, kesho au keshokutwa anarudi kugonga. Mtoto ndiyo shida. Mtoto mate yanamtoka, macho yanazunguka, miguu inarusharusha, moyo unakimbia kama pikipiki iliyokwama mkono wa mafuta. Wengine wanapona. Wengine hawaponi. Kwa nini huyu ndiyo na yule hapana, hakuna aliyejua.

Kuna kitu kingine cha Chilumbi lazima ukijue. Wenyewe wanakiita kupisha. Uko kwenye foleni ya bomba la maji, umeamka kabla ya jogoo, ndoo yako ndiyo ya kwanza. Akitokea mwenye shida kubwa kuliko yako, labda mjamzito, labda mtu ana msiba nyumbani, unasogeza ndoo yako pembeni unamwambia "pita." Basi. Hakuna kudaiana, hakuna kukumbushana. Asiyepisha hasemwi vibaya, ila anaachwa agonge kokoto peke yake, na kugonga kokoto peke yako bila wa kupiga naye soga, jua la saa nane, kamuulize aliyewahi kuonja.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Zakayo. Tabibu wa zahanati ya Chilumbi. Mtoto wa hapohapo, mama yake aligonga kokoto mpaka zikamsomesha. Zahanati yenyewe vyumba viwili na kibaraza. Mtoto aliyechomwa na nge akiletwa, Zakayo alikuwa na dripu, dawa ya maumivu, kitambaa cha maji, na kiti cha kukaa pamoja na mama wa mtoto. Hicho kiti ndicho alichokitumia kuliko vyote. Kilimchosha roho.

Ndipo akaja Daktari Bujiku. Msukuma mmoja mrefu, mpole, anacheka kidogo kidogo kama anaogopa kuvunja kitu. Alikuja na boksi la baridi, akaomba mkutano. Watu wakaja na nyundo zao. Daktari akasimama akasema, ndugu zangu, nimeleta dawa ya sumu ya nge, ila sijui kama inatibu.

Watu wakaangaliana. Mzee Sakalani, ambaye alikuwa na kibanda cha kuonyesha mpira na ndiye mtu pekee Chilumbi mwenye jenereta, akamuuliza kama hajui, amewaletea nini sasa, mbona hata yeye anayo mengi asiyoyajua na hajaitisha mkutano. Watu wakacheka, na daktari naye akacheka kile kicheko chake.

Halafu akaeleza, na alieleza vizuri. Alisema watoto wengi wanaochomwa wanapona wenyewe. Nikimpa mtoto dawa akapona, nani kamponya? Ni sawa na jamaa aliye kwenye foleni ya magari anapiga honi, foleni ikisogea anasema mimi ndiye nimeisogeza. Hutamjua mpaka siku moja anyamaze, uone kama foleni itasogea bila yeye. Kwa hiyo vichupa vya kwenye boksi nusu ni dawa na nusu ni maji ya chumvi, yale yale ya dripu. Rangi moja, kifuniko kimoja, kila kimoja na namba yake. Wanaojua namba ipi ina nini wako mbali huko mjini. Yeye hajui, Zakayo hajui, mama wa mtoto hajui. Mtoto akija atapata huduma yote ya siku zote, halafu juu yake atapewa kichupa kinachofuata kwa namba. Hakuna kuchagua. Ni kwa watoto tu, maana ndio wanaokufa. Mzazi anayekubali aweke dole gumba, asiyekubali mwanawe atatibiwa kama zamani na hakuna atakayemnunia.

Nyuma kabisa akasimama Damari, mama Hosea. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache na nyundo nzito.

"Daktari," akamwambia, "wa kwako ungemwingiza?"

"Ningemwingiza," daktari akasema. "Na nisingelala."

Hilo jibu wakalipenda. Wakaweka dole gumba karibu wote. Mzee Sakalani akatoa jenereta yake iwashe friji la zahanati, maana vichupa vinataka baridi. Kwa hiyo ule msimu mzima kibanda cha mpira kikawa kiza, vijana wakakosa ligi yote, wakawa wanasikiliza redioni kama mababu zao. Walilalamika kinoma. Mzee akawaambia mpira upo kila mwaka.

Haya. Siku ikafika.

Damari alikuwa na rafiki, Perisi, mama Yunis. Perisi muongeaji, mchekeshaji, chimbo zima lilikuwa linamsikiliza. Chungu zao za kokoto ziligusana, zikichanganyika hawakujisumbua kuzitenganisha. Watoto wao, Hosea na Yunis, walikuwa wanacheza pamoja nyuma ya mawe. Siku hiyo waliinua jiwe moja, na chini yake hakuwa nge mmoja.

Perisi alifika zahanati wa kwanza, Yunis mgongoni, analia. Zakayo akamlaza, akafungua friji, akatoa kichupa kinachofuata, akakishika mkononi kipoteze ubaridi kidogo. Ndipo Damari akaingia mbio na Hosea. Hosea alikuwa halii tena. Mate yanatiririka, shingo imelegea.

Perisi akamwangalia Hosea, akamwangalia Yunis wake anayelia kwa nguvu zote. Akamnyanyua Yunis kitandani.

"Mama Hosea, pita."

Zakayo angeweza kusema neno hapo. Lakini hakuona cha kusema. Alikuwa mtu wa Chilumbi, alikua kwa kupishwa na kupisha, na mgonjwa mbaya zaidi kutangulia ndiyo hata udaktari unavyotaka. Hosea akalazwa. Kichupa kilichokuwa mkononi kikaingia kwa Hosea. Kilichofuata kikaingia kwa Yunis.

Jioni Yunis akaomba uji. Hosea hakuomba kitu. Zakayo alikaa kwenye kile kiti, kamshika mkono, na kabla jua halijatoka mkono ukawa baridi.

Perisi ndiye aliyepika msibani. Ndiye aliyelala chini na Damari mkekani. Hakuna aliyejua lolote, kwa hiyo hakukuwa na la kusema zaidi ya pole.

Msimu ukaisha. Daktari Bujiku akarudi, akaitisha mkutano, na safari hii alikuwa anajua. Akasema dawa inatibu. Waliopata dawa, karibu wote mate na kurusharusha miguu viliacha kabla ya jua kuzama. Waliopata maji, wachache sana. Watu wakapiga nyundo kwenye mawe, ndiyo makofi ya kule. Akanyoosha mkono watulie. Akasema liko jambo moja. Dawa inataka mapema. Walioletwa wamechelewa, sumu ilishamaliza kazi yake, wenye dawa na wenye maji hawakuachana sana.

Hilo likamate. Litakuja kukusumbua.

Mkutano unaisha, Damari akasimama. Akauliza mwanawe aliwekewa nini. Daktari akamwomba waongee pembeni. Damari akasema pembeni ya nani, watu wote hawa walimzika. Daktari akamwambia. Maji.

Damari akatikisa kichwa. Ingeishia hapo. Lakini Perisi, ambaye mdomo wake siku zote ulitangulia, akajikuta ameuliza, na Yunis? Daktari akasema dawa. Na Chilumbi nzima ilikuwa inajua siku ile nani alifika wa kwanza, na nani alimpisha nani.

Hata nyundo haikulia. Daktari akasema, kwa upole wake, kwamba hakuna aliyejua, kwa hiyo hakuna aliyekosea. Damari akajibu amesikia. Kesho yake alfajiri akaja na karai, akaanza kuhamisha chungu yake ya kokoto, karai baada ya karai, mpaka upande wa pili wa chimbo. Hakugombana. Salamu aliitikia. Ila alihama. Na Perisi akaacha kuchekesha watu.

Kwenye boksi kilibaki kichupa kimoja ambacho hakikupata mtoto. Daktari alikwishajua namba yake. Hiki ni dawa, akamwambia Zakayo, kitunze, mvua zikikaribia nitaleta boksi zima la dawa tupu, maji basi. Zakayo akakiweka frijini. Kila asubuhi alifungua akakitazama, kama mtu anavyomtazama ndama wake.

Sasa mvua.

Mvua ya kwanza kule haianzi kwa manyunyu. Inaanguka. Ilinyesha toka usiku, asubuhi mashimo yote chini ya mawe yamejaa maji, na kila nge wa Chilumbi akatoka kutafuta pakavu. Pakavu ni wapi? Ni kwako. Kitandani kwako, ndani ya kiatu chako.

Mzee Sakalani alisikia jenereta imezima. Mzee yule, na moyo wake ulikuwa na ugonjwa, Zakayo ndiye aliyekuwa anampa vidonge. Angeweza kulala. Akajitupia turubai, akatembea kwenye matope mpaka kibanda cha jenereta nyuma ya zahanati, akatia mkono kwenye kamba ya kuwashia, nge akamchoma kiganjani. Akamtukana, akavuta kamba kwa mkono mwingine mpaka mashine ikanguruma, ndipo akaingia ndani akakaa kwenye benchi. Alipoulizwa anaendeleaje akasema friji linaendelea vizuri.

Haukupita muda mrefu, akaingia Damari. Kambeba Wende, bintiye mdogo, mtoto pekee aliyembakia. Zakayo alivyomwona tu Wende, akampokea akamlaza. Mate, macho yanazunguka, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa. Amechomwa saa ngapi? Toka usiku. Toka usiku, na unakuja sasa hivi? Mguuni kwa Wende palikuwa pamefungwa mizizi iliyopondwa.

Zakayo anamwekea dripu Wende, mlango ukasukumwa. Perisi. Kifuani kitoto chake kinachoanza kutambaa, Mika, kinalia, jasho limeanza tu kipajini. Kachomwa sasa hivi, kidoleni, alikuwa anachokonoa chini ya mkeka.

Kichupa ni kimoja.

Zakayo akapiga simu. Daktari Bujiku akapokea haraka, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo. Alikuwa ng'ambo ya korongo. Alikuwa njiani toka jana na boksi zima, amefika korongoni, korongo limejaa, linabeba miti. Ukisimama juu ya mawe ya Chilumbi ulikuwa unamwona, mtu mrefu mwenye mwavuli pembeni ya gari jeupe. Vijana wakasema arushe kichupa. Wakajaribu wenyewe kwanza na jiwe, wa mkono mrefu kuliko wote, jiwe likaanguka katikati ya maji. Mwingine akaleta manati. Kichupa cha kioo, kwa manati. Wakaacha. Maji yatashuka jioni, akasema daktari, jioni nitavuka hata kwa kuogelea.

Zakayo akamweleza hali ya Wende, ya Mika na ya mzee, akamuuliza kuhusu kugawa. Daktari akasema usigawe. Kichupa kimoja mtu mmoja, theluthi kwa kila mtu ni sawa na kuwapa wote maji. Basi nimpe nani, akauliza Zakayo.

"Aliyechomwa sasa hivi ndiye itakayemfaa kwa hakika," daktari akasema. "Mahututi ndiye anayeihitaji zaidi. Wazee hatukuwajaribu, sijui, labda inafaa, labda moyo wa huyo mzee hautaivumilia. Zakayo, mimi siko hapo. Unayewaona ni wewe."

Simu ikakata. Akapiga tena, ikawa haitoki kabisa.

Zakayo akafungua friji. Akakitoa. Akakishika mkononi kipoteze ubaridi. Chumba kizima kikamwangalia ule mkono.

Perisi ndiye aliyeanza, na hakuwa na utani hata kidogo. Alisema Mika amechomwa sasa hivi, kidole hata hakijavimba. Wote walikuwepo mkutanoni, wote walisikia dawa inataka mapema. Ukimpa Mika unajua unachofanya, Zakayo. Ukimpa mwingine unabahatisha, na ukibahatisha ukakosa, huyu naye atakuwa keshafika pale alipo Wende, na kichupa hakipo, utakuwa umewapoteza wawili. Halafu akageuka kwa Damari, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia usoni toka siku ya mkutano.

"Mama Hosea," akasema. "Siku ile nilikupisha. Sikudai, kwetu hakudaiwi. Nakuomba tu. Leo nipishe mimi."

Damari alikuwa anamfuta Wende mate. Hakuinua kichwa.

"Ulinipisha kwenye maji," akasema.

Perisi akafumba macho.

"Sisemi ulijua," Damari akaendelea, kwa sauti ya kawaida, kama anaomba chumvi. "Hukujua. Ila dawa ilishaingia nyumbani kwako mara moja, mama Yunis. Yunis yuko nje hapo anacheza na mvua. Kwangu yaliingia maji. Wanasema dawa inatibu. Wamejuaje? Wamejua kwa sababu wako watoto walipewa maji wakafa, wakawahesabu. Hosea yumo. Hicho kichupa alichoshika Zakayo kisingejulikana ni nini kama Hosea asingekufa. Kwa hiyo ni chetu. Mwanangu alishakilipia."

Zakayo akalazimika kusema, na alilisema polepole, kwamba Wende amechelewa sana, kwamba labda haitamsaidia.

"Nilichelewa," Damari akasema, "kwa sababu mara ya kwanza niliwahi."

Zakayo alikumbuka mkono wa Hosea. Yeye ndiye aliyeupiga sindano.

Kwenye benchi Mzee Sakalani alikuwa ameinua kiganja mapema, kama kusema msinihesabu mimi, wapeni watoto. Watu wakamheshimu kwa hilo. Lakini sumu ilikuwa inapanda. Shati limelowa, na si mvua, midomo imekuwa ya kijivu. Akashusha kile kiganja akakiweka kifuani.

"Nilitaka ninyamaze nionekane mtu mzuri," akasema. "Nimeshindwa. Zakayo mwanangu, hiyo chupa imekaa baridi msimu mzima kwa jenereta yangu. Vijana wamenichukia kwa sababu yake. Asubuhi ya leo ningelala, ingechemka, na saa hizi msingekuwa na cha kubishania. Wengine wote wamechomwa wakiwa ndani kwao. Mimi nimechomwa nikiwa kazini, na kazi yenyewe ni hiyo uliyoshika." Akavuta pumzi, ikawa ngumu. "Watu wanadhani mzee haogopi. Mzee anaogopa sana."

Perisi akasema kwa heshima, mzee, wewe umeishi. Mzee akamjibu kwamba ndiyo maana anajua kunavyonoga. Na walicheka, unaamini? Wote wanne, kidogo, hata Damari pembe ya mdomo. Halafu Wende akarusha miguu na kicheko kikafa.

Kichupa ni kimoja, na Zakayo alikuwa anasubiri.

Alikuwa anasubiri lile neno. Chilumbi huwa linakuja, halijawahi kukosa. Lazima mmoja atawaangalia wenzake, apime shida yake na zao, asogeze ndoo yake, aseme pita. Akamwangalia mzee. Mzee akaangalia chini. Akamwangalia Perisi. Perisi midomo ilicheza, Zakayo aliona kabisa neno limefika pale, halafu Perisi akamkumbatia Mika kwa nguvu zaidi, kwa sababu alikumbuka mara ya mwisho alipolisema lilikwenda kufanya nini. Akamwangalia Damari. Damari alikwisha kupishwa mara moja, na hakutaka tena kupisha wala kupishwa, alitaka dawa.

Zakayo mwenyewe angelisema, lakini aliseme kwa ajili ya nani? Hakukuwa na mwanawe pale. Huwezi kumpisha mtu kwa zamu ambayo si yako. Na alijua, hilo ndilo lililokuwa linamchoma kuliko nge, kwamba yeyote atakayempa, kesho atapishana naye njiani, na pamoja naye atapishana na wale wengine au atayapita makaburi yao. Alijua pia kwamba watoto wengi huwa wanapona wenyewe, labda Mika angepona bila kitu. Labda. Labda mzee angesukuma mpaka jioni. Labda Wende hata kwa dawa asingefika jioni. Labda ndiye pekee ambaye angefika kwa sababu yake. Daktari alipima watoto msimu mzima, akajua dawa inatibu wangapi kati ya wengi. Mtoto huyu mmoja aliyelala hapa, hilo hakuna boksi lililowahi kulipima.

Akavunja kifuniko. Akavuta dawa yote ndani ya bomba la sindano, akalisimamisha, akaligonga kwa kucha mpaka mapovu yakapanda, akayasukuma nje. Wote watatu walikuwa wamekunja mikono ya nguo. Perisi amemkunjia Mika, Damari amemkunjia Wende, mzee amejikunjia mwenyewe.

Hapo ndipo stori inaposimama, na nimewahi kuona watu wazima wakikunjana mashati kwa ajili yake. Kuna fundi baiskeli alisema mpe Wende, akasema haki kwanza, mengine baadaye. Mkewe akamwambia haki haishushi sumu, mpe kitoto ambacho unajua kitapona, huyo mwingine unampa ili ujisikie vizuri wewe. Kuna jamaa akasema mzee, na akachekwa, lakini alipoulizwa kwa nini akasema siku nyingine jenereta ikizima, nani atatoka tena kwenye mvua? Wakaacha kumcheka.

Kwa hiyo usinijibu haraka. Usiniambie ungegawa, daktari keshakataza. Usiniambie ungengoja maji yashuke, Wende hangoji. Usiniambie ungepiga kura, maana Damari keshaichezea kura hiyo mara moja na alichozaa kikaenda kaburini.

Zakayo nimemwondoa. Sindano unayo wewe, imejaa, na dawa haikai muda mrefu nje ya baridi. Huyu ndiye itakayemtibu kwa hakika, na mama yake alimpisha mwenzake. Yule ndiye anayekufa, na kaka yake ndiye aliyeifanya dawa ijulikane. Na yule pale, moyo mbovu, kachomwa akiilinda. Wote wanakuangalia wewe.

Je, nani anastahili? Unampa nani, na ukishampa, wale wawili unawatazamaje?